Kiti na Aliyekikalia

Wiki moja kabla ya mitihani yake, mpwa wangu alihamia kwangu na begi la nguo na rundo la karatasi. Anasomea ushauri nasaha. Usiku akawa anapiga doria ukumbini, kutoka mlangoni hadi kwenye friji na kurudi, akikariri kwa sauti: "Id hutaka. Ego hupima. Superego hukataza. Id hutaka. Ego hupima." Mdogo wake wa miaka sita, aliyekuwa amelala kifudifudi mkekani akichora meli, akanyanyua kichwa. "Dada, Idi ipi hiyo, Mosi au Pili?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baadaye, nilipokuwa nazima taa, nikaona kuwa yule mdogo hakuwa mbali na jibu. Mpeleke mtoto viwanja vya Mnazi Mmoja jioni ya sikukuu, mkono wake wa Idi ameufumbata kiganjani, umwangalie. Anataka puto, anataka aiskrimu, anataka kupanda pembea, anataka bastola ya plastiki, anataka vyote na anavitaka sasa hivi. Ukimwambia "chagua kimoja", anakutazama kama umemsemesha Kichina. Kile kinachotaka ndani yake, kisichojua saa wala bei wala haya, ndicho Sigmund Freud, daktari wa maradhi ya nafsi wa Vienna, Austria, alichokuwa akikitafutia jina.

Jina alilolipata halikuwa "Id". Mwaka 1923, katika kitabu chembamba alichokiandika Vienna, alitumia maneno matatu ambayo kila mtoto wa Kijerumani anayajua kabla hajaanza skuli: das Es, das Ich, das Über-Ich. Kwa Kiswahili cha jikoni ni Lile, Mimi, na Mimi wa Juu. La kwanza alilikopa kwa daktari mwenzake, Georg Groddeck, aliyekuwa akishikilia kwamba binadamu hujidanganya akidhani ndiye anayeendesha maisha yake, kumbe kuna kitu kinachomwendesha. Kilatini, yaani Id, Ego na Superego, kililetwa na tafsiri ya Kiingereza, aliyoisimamia James Strachey. Nadhani kilitakiwa kuyapa maneno sura ya kidaktari. Sisi tukayachukua kutoka kwa Waingereza yalivyo. Ndiyo maana binti wa Unguja, ambaye lahaja ya kisiwa chake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, anakesha akikariri Kilatini ambacho mwenye nadharia hakukitumia.

Naliona jambo hili zito. Ukimwambia mtu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwamba Id yake imeishinda Ego yake, umemkabidhi sanduku lililofungwa na ufunguo umebaki nao. Lakini anajua vizuri sana maana ya "limenikaa rohoni", na "sijui nilipandwa na nini", na ule utetezi unaotumika mahakamani na chumbani sawia, "shetani alinipitia". Katika kila kauli hapo kuna Mimi anayesema, na kuna kingine kilichotenda kwa kutumia mikono yangu. Sehemu kubwa ya nadharia imo humo, inamngoja mwalimu wa kuitoa.

Kwa mtu aliyepita chuoni kwa maalim kuna mtego hapa. Atasema, hayo tunayo siku nyingi. Kuna nafsi amara, iamrishayo maovu, iliyotajwa katika Sura Yusuf. Kuna nafsi lawama, ijilaumuyo, katika Sura Al-Qiyama. Kuna nafsi mutmaina, iliyotulia, katika Sura Al-Fajr. Tatu kwa tatu, mambo yamekwisha, Mzungu katuibia. Nimelisikia hilo barazani mara nyingi, na nikiri kuwa nimewahi kulisema mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Sasa naona ulinganisho ule hutufariji na kutufumba macho kwa pamoja. Nafsi za Qur'ani ni safari: mja hutoka kwenye tamaa, akapita kwenye majuto, akafika kwenye utulivu naye yuko radhi na Mola wake. Tatu za Freud haziendi popote. Ni wapangaji watatu wa chumba kimoja, kila mmoja anadai kitanda ni chake. Freud hakumuahidi mtu mutmaina. Mwaka 1895 aliandika kwamba tiba yake ikifaulu itakuwa imeyageuza mateso ya mgonjwa kuwa huzuni ya kawaida ya binadamu. Basi, hapo ndipo mwisho wa ahadi.

Tofauti ya pili inagusa watu ninaowajua. Lawama ya nafsi lawama ni neema, ndiyo inayomrudisha aliyepotea. Mimi wa Juu wa Freud ni kitu kingine: ni sauti ya baba, ya mama, ya mwalimu na bakora yake, iliyomezwa nzima utotoni ikakaa tumboni bila kuyeyuka. Inaweza kuwa katili kuliko baba mwenyewe alivyokuwa. Nina rafiki wa makamo, mtu wa swala tano, hadaiwi na yeyote, ambaye akivunja glasi hukosa usingizi siku mbili. Hakuna aya inayomtaka awe hivyo. Kuna mtu, zamani, aliyemtaka awe hivyo, naye angali anamtii mtu huyo na kaburi lake limeshaota nyasi. Mwambie rafiki yangu huyu azidi kujilaumu ili atakasike, na utakuwa umemwekea kuni motoni.

Vitabu vya kozi hupenda kuichora akili kama mlima wa barafu, ncha juu, sehemu kubwa chini ya maji. Sisi ambao barafu tumeijulia kwenye deli la muuza malai, picha hiyo tunaipokea kwa heshima tu. Freud mwenyewe, katika mihadhara aliyoitoa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alieleza picha nyingine inayotufaa zaidi: nyumba. Kuna ukumbi mkubwa wa mbele umejaa watu wanaosukumana, kila mmoja anataka kupita. Baada ya ukumbi kuna sebule ndogo, ndimo alimokaa Fahamu. Mlangoni kasimama bawabu, anamkagua kila anayekuja, huyu pita, wewe rudi.

Nyumba hiyo iko Mji Mkongwe. Baraza nje, kisha ukumbi, kisha ndani, na huko ndani nako kuna ndani yake. Ila kila aliyekulia katika nyumba zetu ataona kilichokosekana kwenye picha ya yule bwana: mlango wa uani. Aliyerudishwa mbele haendi kwao. Anazunguka, anajitanda buibui, anapita jikoni, na kabla mwenye nyumba hajatanabahi, mgeni kakaa kitako ndani na hakuna anayeitambua sura yake. Hasira iliyokatazwa kusema hurudi ikiwa kichwa kinachogonga kila Alkhamisi. Kilio kilichozuiwa kwa kuambiwa "subiri, usikufuru" hurudi ikiwa tumbo lisilopata dawa. Freud aliyaita haya kurudi kwa kilichokandamizwa, na kwangu mimi ndiyo moyo wa nadharia yote. Masanduku matatu ya mpwa wangu ni maelezo ya kando.

Kisa kilichoianzisha kazi hii kilikuwa cha mlango wa uani. Mwaka 1880, Bertha Pappenheim, msichana wa miaka 21 wa Vienna, alikuwa akikesha kumuuguza baba yake. Mkono wake wa kulia ukafa ganzi. Baadaye akasahau Kijerumani, lugha ya mama yake, akawa anasema Kiingereza. Kipindi kimoja cha joto kali akashindwa kunywa maji, glasi ikifika mdomoni anaisukuma. Daktari Josef Breuer akawa anakwenda kila siku kumsikiliza. Siku moja msichana akaeleza, kwa karaha tupu, jinsi alivyomkuta mbwa wa mwanamke waliyeishi naye akinywa maji kwenye glasi, naye kwa adabu akanyamaza. Alipomaliza kusema akaomba maji, akanywa. Mwenyewe aliita jambo hilo tiba ya maongezi, na kwa utani, kufagia dohani.

Breuer na Freud walikichapisha kisa hicho mwaka 1895 kwa jina la kubuni, Anna O., wakamwonyesha msomaji kwamba alipona. Hakuwa amepona. Katikati ya mwaka 1882 alilazwa kwenye sanatoria Uswisi, akakaa miezi. Aliinuka baadaye, kwa miaka na kwa nguvu zake mwenyewe, akawa mtetezi mkubwa wa wanawake Ujerumani na mwaka 1904 akaasisi jumuiya ya wanawake wa Kiyahudi nchini humo. Nayasema haya kwa sababu wapenzi wa nadharia hii wana tabia ya kuruka ukurasa huo, na mimi ni mpenzi wake mmojawapo.

Mkono uliokufa ganzi nilikwisha kuuona kabla sijasikia jina la Vienna. Nilikuwa na miaka tisa, Pemba, nje kidogo ya Wete. Mamdogo alikuwa amekaa kitandani tangu mfunguo mosi akitazama ukuta, mkono wa kulia unaning'inia, kijiko hashiki. Hospitali walimpima wakasema damu safi. Alisomewa, akanyweshwa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa marashi. Mwisho akaitwa fundi wa pepo.

Usiku ule watoto tulifukuzwa, nasi tukatii kwa kwenda kujificha nyuma ya pipa la maji. Nakumbuka ubani uliofuka chetezoni hata macho yakachoza, na chano chenye mayai, halua na chupa ya marashi. Ngoma ikapigwa mpaka mabega ya mamdogo yakaanza kutikisika. Akasimama, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya kiume, yenye lafudhi ya Kiarabu cha mtu asiyejua Kiarabu. Fundi akauliza maswali matatu bila haraka, kama karani wa bandarini: Nani wewe? Umetokea wapi? Unataka nini?

Akajibu kuwa yeye ni ruhani, ametokea ng'ambo ya bahari, anataka pete ya fedha na kanzu nyeupe. Watu wakaitikia, hilo rahisi. Kisha akageukia pale alipokaa mume wa mamdogo, mtu ambaye hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kumkatisha neno. Akamnyooshea kidole, kwa mkono ule ule uliokufa. "Na huyu akome kukipandishia sauti kiti changu. Na yule mwengine asiletwe nyumba hii."

Kiti changu. Kwa asiyejua, mtu mwenye pepo kwetu huitwa kiti. Pepo hupanda, mtu hukaliwa. Mume aliinamisha kichwa akasema, "Taibu, bwana." Na yule mwengine, ambaye watu wazima wote pale walimjua na hakuna aliyewahi kumtaja, hakuletwa, si mwaka ule. Haikupita wiki mamdogo alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

Sitaki ubishi wa kama lile lilikuwa jini au halikuwa. Majini wametajwa katika Qur'ani, wana sura yenye jina lao, na makala si mahali pa kumpokonya mtu imani yake. Ninachodai ni kidogo kuliko hayo. Usiku ule lilisemwa jambo ambalo kwa mdomo wa mamdogo lisingesemeka. Mke mwema hasemi hivyo mbele za watu, sitara haimruhusu. Pepo hana sitara. Hana baba atakayeaibika wala kaka atakayeitwa kikaoni.

Katika kitabu kile cha 1923 Freud alimfananisha Mimi na mpanda farasi anayejaribu kumzuia mnyama mwenye nguvu kumshinda, na akaongeza kwa kejeli kwamba mara nyingi mpandaji asiyetaka kuanguka humpeleka farasi kule farasi anakotaka. Sisi tumeigeuza picha chini juu: kwetu Mimi ndiye anayepandwa. Kila nikizipima picha hizi mbili, ya kwetu naiona kali zaidi. Mpanda farasi bado anajidai ameshika hatamu. Kiti hakijidai.

Ila asubuhi mamdogo aliamka akaulizia chai. Hakukumbuka chochote, wala hakuna aliyemwambia. Si adabu kukiambia kiti aliyoyasema mpandaji wake. Na hapo ndipo njia zinapoachana. Ngoma humaliza kazi kwa kumridhisha aliyepanda: mpe pete, mpe kanzu, mkumbuke kwa mwaka, atatulia. Kiti hakihitaji kujua. Tiba ya saikodinamiki, ile iliyotokana na Freud, imesimama juu ya sharti la kinyume kabisa: kiti kijue. Kijue kilichosemwa, kikione ni chake, kikiseme kwa sauti yake mwenyewe, mchana. Freud aliliweka hilo mwaka 1933 katika sentensi moja fupi ambayo ningeitia hivi: palipokuwa Lile, hapo Mimi niwe. Akailinganisha kazi hiyo na Waholanzi wanaokausha bahari wapate ardhi. Mtu wa Unguja hahitaji kwenda Uholanzi, aende Darajani. Mkono wa bahari uliingia pale ukautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo enzi za ukoloni. Leo maji hayapo, daraja halipo, jina limebaki, na watu wanauziana vitunguu juu ya kilichokuwa kitanda cha bahari.

Sisemi kujua ni bora kila siku. Kuna ambaye kujua kungemvunjia ndoa na nyumba, na pete ya fedha imemtosha. Lakini ruhani yule alirudi mara tatu nyingine katika miaka iliyofuata, na kila mara alirudi mume alipoanza tena yake. Pepo alikuwa wakili wa mamdogo. Wakili hodari, ila kila kesi ilihitaji ngoma, mbuzi na deni la dukani, na mteja hakuruhusiwa kusikia hukumu.

Chumba cha tiba hii ni kikavu ukikilinganisha na ngoma. Saa ile ile, siku ile ile ya wiki, dakika 50. Mteja huambiwa aseme chochote kinachomjia, hata cha aibu, hata cha kipuuzi. Msikilizaji husikiliza yanayorukwa kuliko yanayosemwa. Husikiliza pia ulimi unapoteleza. Sisi tunasema ulimi hauna mfupa tukayaacha hapo, Freud aliuliza kwa nini umeteleza kwenda huku na si kule. Nilikuwepo mtu mmoja akipewa pole ya msiba wa ami yake tajiri. Akajibu, "Ahsante, na wewe pia," kama vile tuko Idi Mosi.

Kisha linatokea jambo ambalo watu wa fani huliita uhamishaji. Mteja huanza kumtendea yule msikilizaji kama baba yake, au shangazi, au mume. Anachelewa akiwa na hasira. Anamletea vitafunio akiogopa amemuudhi. Ugomvi wa miaka 30 iliyopita unapigwa upya pale pale chumbani, na kazi ni kuutambua ukiwa moto badala ya kuusimulia ukiwa umepoa. Freud alilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka 1900 msichana wa miaka 18, ambaye maandishi yanamwita Dora, aliikatiza tiba baada ya wiki 11 akaondoka, na Freud baadaye akaandika kwamba hakuuona uhamishaji mapema.

Sasa turudi kwetu. Watu wengi huniambia tiba hii haiwezi kufaa Zanzibar kwa sababu ya dini, au kwa sababu ni ya Kizungu. Siamini. Waislamu wa Cairo na Tehran wanaifanya. Na watu wa visiwa hivi wanajua tangu tumboni kwamba mtu ana ndani asiyoijua. Kikwazo chetu kina maneno manne tu: "Wewe mtoto wa nani?"

Mpwa wangu, katika mazoezi yake ya kazi, alipewa mteja wa kwanza, mwanamke wa umri wa mama yake. Akakaa kama kitabu kilivyomwelekeza, uso umetulia, habari zake binafsi amezifungia. Yule mama akamtazama. "Wewe mwanangu, mtoto wa nani?" Mpwa akajibu kwa upole kwamba leo wamekutana kwa ajili ya mteja. "Hiyo pua ni ya Mkoani hiyo. Bibi yako si yule alokuwa akishona karibu na gati?" Dakika tatu hazijafika, nasaba imeshasomwa hadi kizazi cha tatu. Yule mama akavuta pochi yake karibu. "Basi mwanangu, mimi sina kitu. Kichwa tu."

Vienna ya Freud ilikuwa na watu kiasi cha milioni mbili. Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar yote, Unguja na Pemba, watu zaidi ya milioni 1.8. Kwa idadi hatupishani sana. Kinachotutofautisha ni uzi wa undugu. Kule mtu angeweza kupanda ngazi za Berggasse namba 19, kwa Freud, akamkuta mtu asiyemjua ndugu yake hata mmoja. Hapa, siri ya mtungi muulize kata, na kata ni mke wa binamu yako. Ongeza shikamoo: kijana wa miaka 24 ameanza kikao kwa kumwamkia mteja kwa heshima zote, kisha amtarajie mzee huyo amweleze kuwa chumbani mambo hayaendi! Ongeza na jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, ambalo mitaani limegeuka tusi, kiasi kwamba mtu huona msaada wa nafsi huanzia pale mtu anapochana nguo, si kabla.

Kwenye daftari mpwa wangu aliandika: "Mteja hakutoa ushirikiano." Nikamuuliza yule mama alivaa nini. Akafikiri. Kanga, akasema. Na jina la kanga? Akafikiri tena, akashika mdomo. Mdhaniaye ndiye, kumbe siye. Mteja alikuja amejifunga kesi yake kiunoni, imeandikwa kwa herufi kubwa, na sisi tukamtafutia dodoso.

Hapa natofautiana na walimu wake. Wanamfundisha uso mtupu, kioo kisicho na picha, kama Freud alivyoshauri wenzake. Uso mtupu kwetu ni ukosefu wa adabu, na mteja huusoma hivyo. Ningemwambia ajibu: ndiyo, bibi yangu ni yule mshonaji. Halafu anyamaze kidogo, aulize, "Je, unaogopa nitamfikishia?" Hapo kikao kimeanza. Hofu ya yule mama ya kusikika kwa mshonaji ndiyo maradhi yenyewe yamekuja na miguu yake, hofu ile ile iliyomfunga mdomo kwa mume na kwa mama mkwe. Kisiwa kidogo kinachoonekana kikwazo cha tiba kingekuwa mlango wake wa kwanza, kama tungeacha kujifanya tuko Vienna. Kiapo cha siri, hata hivyo, hakina mjadala. Msikilizaji akitoa neno moja nje, hata kwa mzaha, harusini, fani nzima imekufa mtaa mzima.

Yapo mengine ya Freud ambayo sina haja nayo. Familia yake ni ya watu watatu, baba, mama na mtoto, na uadui wa siri wa mtoto wa kiume kwa baba akaufanya wa dunia nzima. Bronislaw Malinowski, mtafiti wa mila za watu, alimjibu kutoka visiwa vya Trobriand, bahari ya Pasifiki, katika miaka ya 1920: kule ukoo ni wa mama, mwenye amri juu ya mtoto ni mjomba, na baba ni mtu wa kucheza naye. Mimi ambaye ni mjomba, na niliyelelewa na bibi hadi miaka saba, sikuhitaji kusafiri mbali hivyo kupata shaka. Mwanafalsafa Karl Popper naye alilalamika kwamba nadharia hii haikosei kamwe: mteja akikubali, ni kweli, akikataa, anajikinga. Lalamiko hilo ni la haki, na mtaalamu asiyelisikia atageuka mpiga ramli mwenye shahada.

Lakini fani haikuganda mwaka 1939 Freud alipofariki London, mkimbizi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda mwaka 1954, akazitembelea familia 26 karibu na Kampala, akawatazama watoto wachanga na mama zao nyumbani mwao. Alichokiona pale kilikuwa msingi mmojawapo wa elimu ya leo juu ya namna mtoto anavyofungamana na mlezi wake. Somo hilo Ulaya na Marekani walilipata kwa mama wa Afrika Mashariki, jambo ambalo sijaona likisisitizwa kwenye mihadhara ya mpwa wangu. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Jonathan Shedler alizipitia tafiti zilizokusanywa akaonyesha kuwa tiba ya saikodinamiki husaidia kwa kiwango kisichopungua cha tiba nyingine, na kwamba watu huendelea kupata nafuu hata vikao vikishakwisha. Wapo wanaombishia. Na zipo siku hizi aina fupi, za vikao kumi na kitu, kwa asiyeweza kulala kochini miaka mitano.

Msimu uliopita wa karafuu nilivuka kwenda Pemba. Mamdogo sasa ana miaka sabini na kitu, mumewe katangulia mbele ya haki. Baada ya isha tulikaa ukumbini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, vidole vyeusi, harufu imejaa hata puani imekwisha. Wajukuu walikuwa wamelala. Akasema bila kunitazama:

"Ati wewe siku ile ya ngoma ulikuwepo. Nyuma ya pipa."

"Nilikuwepo, mamdogo."

"Nilisema nini?"

Nilikuwa nalo jibu, neno kwa neno, nimelitunza miaka yote hii. Nikafungua mdomo. Kisha nikamuuliza, "Wewe wadhani ulisema nini?"

Vidole vyake havikusimama. Karafuu huku, makonyo kule. "Nadhani," akasema, na akakaa kwenye neno hilo muda mrefu hata nikawasikia popo mwembeni, "nadhani nilimtaja yule mwanamke."